Siku Pikapu Ilipomwona Baba

Wa kwanza kupiga nduru alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua, na mimi nikamfuata papo hapo. Sikuwa nimekusudia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia wengine wanyamaze. Lakini ndugu yangu alikuwa ndani ya pikapu kubwa kuliko gari lolote lililowahi kuingia kwetu, akirudi kinyumenyume kwenye kijia chetu, huku nyuma yake kukiwa na nyumba nzima ya magurudumu, nyeupe, yenye madirisha na mapazia. Mkono wake mmoja ulikuwa umelala pajani. Mwingine ulishika kidude kidogo, kama kifuniko cha chupa ya soda. Usukani ulikuwa unazunguka wenyewe.

Uliozunguka ni usukani, sio macho yangu. Ulikwenda kushoto kwa kasi, ukatulia, ukarudi kulia polepole, ukatulia tena, kama kwamba kuna mtu mwembamba asiyeonekana ameketi mapajani mwa ndugu yangu.

Kijia chetu kinaachana na lami karibu na Kapsoit. Kinateremka kati ya majani chai ya jirani na majani chai yetu, kinapinda penye kalvati, halafu kinafika langoni. Kule chini hakuna nafasi ya kugeuza hata mkokoteni wa punda. Gari lolote refu likishuka kwa mbele, litatoka kwa kurudi nyuma, na kupanda kile kilima kinyumenyume wakati wa mvua ni balaa. Kwa hiyo ndugu yangu aliamua kushuka nyuma kwanza.

Baba alikuwa amesimama penye kona, ndani ya koti lake la mvua la manjano, mikono juu, tayari kumwelekeza. Baba aliendesha trakta kwenye shamba kubwa la chai hadi alipostaafu. Alikuwa akivuta matrela ya majani mabichi hadi kiwandani, na kule trela lazima iingie kinyumenyume hadi mahali pa kupakulia. Anayejua kazi hiyo anajua ugumu wake: ukitaka trela iende kushoto, unazungusha usukani kulia, halafu kabla haijaenda sana unaifuata upesi upande ule ule. Ukichelewa, inajikunja. Baba aliweza kuifanya huku akisalimiana na watu.

"Kulia, weri! Kulia kidogo!" aliita. Weri ni kijana kwa lugha yetu, na ndugu yangu, kipara na yote, bado ni weri kwa baba.

Ndugu yangu alitoa kichwa dirishani. "Baba, kaa tu kando. Hii gari inajipeleka."

"Inajipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Na kweli ilijipeleka. Nyumba ile nyeupe ilipita kona bila kugusa jani hata moja, ikavuka kalvati, ikaingia langoni, ikasimama katikati ya ghala na zizi la ng'ombe, imenyooka. Majirani walipiga makofi. Baba hakupiga. Aliizunguka pikapu, akayatazama magurudumu, akachungulia ndani, akautazama usukani kwa muda mrefu. Hakuugusa.

Wakati wa chakula ndipo alipouliza. "Ile gari, nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi, baba."

"Mikono yako ilikuwa kwa magoti."

"Nilikuwa naiambia tu mahali pa kwenda. Kuna kamera kila upande. Inaona trela yote, inapiga hesabu, halafu inazungusha usukani yenyewe. Mimi ni kukanyaga mafuta na breki."

Baba aliinama juu ya sahani yake ya kimyet, ugali wetu, akakata tonge, akalirudisha. Sijawahi kuona mtu aliyeshtuka kwa utulivu namna ile. Baadaye nilimkuta ameketi zizini, anachezesha mikono hewani, kushoto, kulia, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Ndugu yangu alikuwa ametoka nyumbani akiwa kijana, akaenda ng'ambo, akawa dereva wa malori ya masafa marefu. Alituma picha za barabara zisizo na mwisho. Kisha ghafla akasema anarudi, amechoka, anataka kupumzika na kuizunguka nchi yake akiwa na nyumba yake mgongoni. Gari na trela vilikuja kwa meli. Dereva wa kukodiwa alivileta kutoka Mombasa hadi Kapsoit, na pale juu, penye kijia, ndugu yangu akashika usukani. Sisi tulidhani anataka sifa ya kuingia nyumbani mwenyewe.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nimeolewa Litein, lakini tangu mama alipofariki, sehemu kubwa ya likizo zangu huishia kwa baba. Ndugu yangu aliniona ninavyoikodolea macho pikapu yake, akaniambia nipande nijifunze. Gari langu ni dogo na limezeeka. Kuingia kwenye ile pikapu kulikuwa kama kupanda mimbari.

Alinifundisha kidude kwanza. "Sahau usukani. Ukitaka trela iende kushoto, zungusha hiki kushoto. Kulia, kulia. Ukikiachilia, inanyooka."

"Bila kufanya kinyume?"

"Kinyume itafanya yenyewe."

Nilikizungusha kidogo nikikanyaga mafuta kwa hofu, na usukani ukaruka mbele ya kifua changu. Nilipiga kelele, nikatoa mguu. Ndugu yangu alicheka hadi akajifuta machozi. Nilijaribu tena, na tena nikashtuka. Kuna kitu ndani ya mtu kinachokataa kuona usukani ukijizungusha, hata ukijua sababu.

Lakini kilichonitisha zaidi ni kuunganisha. Nyuma ya pikapu kuna kirungu cha chuma, na mbele ya trela kuna mdomo wa chuma unaokaa juu ya kirungu hicho. Kupatanisha viwili hivyo kwa mkono kunahitaji mtu wa kukuelekeza, na hata hivyo utatoka garini mara nyingi kuchungulia. Hapa skrini ilionyesha mdomo wa trela na mstari unaouendea. "Bonyeza kitufe hiki, ushikilie. Toa miguu. Toa mikono." Nilitii. Pikapu ikaanza kurudi nyuma yenyewe, taratibu, ikijipima, ikajirekebisha, na ikasimama yenyewe. Tulipotoka kuangalia, kirungu kilikuwa chini ya mdomo sawasawa. Nilibaki nimefunika kinywa. Baba, aliyekuwa anatazama kutoka zizini, alisema neno moja tu, "Aa-ah," akageuka.

Sasa nikikumbuka zile siku naona mambo ambayo sikuyaona. Ndugu yangu hakuendesha kwenda popote, hata dukani Kapsoit. Alisema anataka kutembea. Akitembea, alipitisha kiganja ubavuni mwa trela kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kila maneno yalipotokea kwenye skrini aliniuliza, "Inasema nini?" nikadhani ananipima kama mwanafunzi. Siku moja alimimina chai kando ya kikombe, ikatiririka mezani, na akaendelea kumimina. Nilimwambia ameshazoea mashine za ng'ambo. Tukacheka.

Shangazi yetu wa Bomet, dada wa baba, alikuwa na maombi ya shukrani baada ya kupona ugonjwa mrefu. Nyumba yake ingejaa wageni, kwa hiyo ndugu yangu akasema tutakwenda na ya kwetu na tutalala uani. Yeye angeiunganisha trela na kuivuta hadi Kapsoit, na kutoka pale yule dereva wa kukodiwa angetusaidia. Safari hiyo ilimfurahisha mno. Aliosha pikapu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha sana. Asubuhi ilibaki manyunyu tu, na ua ulikuwa umelainika kama uji. Pikapu ilikuwa imesimama mbele kidogo, bado haijaunganishwa na trela. Mimi nilipanda kando ya ndugu yangu, nimepakata kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda ambayo shangazi asingetusamehe tukienda bila. Baba tulimwacha zizini. Tulidhani tumemwacha zizini.

Ndugu yangu alibonyeza kitufe, akashikilia. Pikapu ikaanza kurudi yenyewe. Mimi sikuwa natazama nyuma wala skrini. Kibuyu kilikuwa kimeinama na mfuniko unavuja, nikawa nahangaika nacho. Pikapu ikasimama. Ikalia mlio mfupi, mara kadhaa.

"Ni matope," ndugu yangu alisema. "Imeteleza, imechanganyikiwa. Wacha nimalizie mwenyewe."

Akaachilia kitufe, akaweka mguu kwenye mafuta.

Niliinua kichwa. Skrini yote ilikuwa ni baba. Koti la manjano, mgongo wake ulioinama, kofia yake ya sufu. Alikuwa ameinama penye mdomo wa trela, anaupangusa matope kwa kitambaa, na masikio yake hayasikii vizuri siku hizi. Alikuwa mkubwa kwenye ile skrini kuliko nilivyowahi kumwona. Na ndugu yangu alikuwa anaitazama skrini hiyo hiyo. Uso wake ulikuwa umeielekea. Mguu wake ulikuwa unashuka.

"Baba!" nilipiga kelele.

Pikapu iliruka nyuma. Kisha ikakwama papo hapo, kwa nguvu, kama kwamba imegonga ukuta. Mshipi ulinikaba kifuani. Kibuyu kilinitoka, kikaanguka, mursik ikamwagika hadi viatuni. Kila mahali kwenye dashibodi paliwaka nyekundu, na gari likapiga mlio mrefu usiokatika. Hakuna aliyekanyaga breki. Mguu wa ndugu yangu ulikuwa bado kwenye mafuta. Niliuona.

Alinigeukia. "Baba amefanya nini?"

Sikuelewa swali. Nilimtazama mdomoni, nikangoja aseme jambo lenye maana.

"Mbona umeita baba?" aliuliza tena. "Ameanguka huko zizini?"

"Yuko nyuma yetu," nilisema. "Yuko pale. Pale!" Niliweka kidole kwenye skrini, juu ya lile koti la manjano.

Ndugu yangu alisogeza uso, karibu sana, hadi pua ikakaribia kioo. Akausogeza kushoto, akausogeza kulia, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Ndipo akaona. Sauti iliyomtoka sijaisikia tena.

Nilishuka mbio, nikateleza, nikashika mlango. Baba alikuwa amesimama wima kati ya pikapu na trela. Bampa ilikuwa imegusa pindo la koti lake. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mwembamba tu, na namshukuru Mungu kwamba baba amekuwa mwembamba siku zote. Alikuwa bado ameshika kitambaa. Nilimvuta, tukaenda pembeni, akaketi chini kwenye matope kama mtoto.

"Nilikuwa natoa matope," alisema. "Chuma kwa chuma hakitaki matope."

Ndugu yangu alikuja akishika ubavu wa pikapu kwa viganja vyote viwili. Alipofika mwisho wa gari alisimama, akanyoosha mkono mbele, ukashika hewa. Alikuwa hajui tumeketi wapi. Tulikuwa karibu na miguu yake.

"Baba, sikukuona."

"Ulikuwa unanitazama," baba alisema. "Niligeuka nikaona uso wako kwa kioo cha pembeni. Ulikuwa umekaza macho."

"Niliona kitu cha manjano. Nilidhani ni turubai."

"Mimi ni turubai?"

"Sioni, baba." Alichuchumaa pale pale kwenye matope. "Jicho la kushoto limekufa. La kulia linaona kama kupitia bomba. Naona kile kirungu na ule mstari. Kando yake ni ukungu."

Baba aliinua mkono, akaupeleka kando ya uso wa mwanawe, karibu na sikio, akauchezesha. Ndugu yangu hakupepesa. Akauleta mbele kidogo. Hakupepesa. Akauleta mbele zaidi, hadi karibu na pua, ndipo jicho likaukamata. Mimi nilitazama ule mkono wa mzee ukipima giza la mwanawe.

Alituambia pale pale, manyunyu yakitulowesha. Daktari wa kule ng'ambo alisema ni presha ya macho, na kwamba ilikuwa imeanza zamani bila maumivu yoyote. Leseni ya malori ikachukuliwa. Alikuwa hajui kazi nyingine, wala hakuwa ametuambia. Ndipo akaona tangazo la pikapu inayorudisha trela kwa kidole kimoja, yenye kamera mbele, nyuma na pembeni, na akajiambia kwamba gari hilo litaona badala yake. Alitaka kuzunguka nchi yake akiwa bado na lile bomba.

"Ungemuua baba," nilisema. Hasira ilikuwa imeanza kunipanda.

"Najua."

"Tungemzika leo. Tungekuwa tunapanga kumzika."

"Najua, mwalimu. Usiseme tena."

Nilisema tena. Nilisema mengi, na baadhi yake ni kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Baba ndiye aliyeninyamazisha. Aliinuka kwa kujishikiza begani kwangu, akaenda pikapuni, akachungulia ndani ambako breki ilikuwa imejikanyaga.

"Nani aliisimamisha?" aliniuliza.

"Ilijisimamisha."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Ilikuona."

Aliinama akatazama nyuma ya bampa, akayapata yale macho madogo ya kioo, nusu yamerukiwa na matope, akayapangusa kwa kile kitambaa chake, moja baada ya jingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesalimiwa na mgeni asiyemjua. Kisha akasema jambo ambalo lilinishtua karibu sawa na lile lililopita.

"Tutaenda Bomet. Mwalimu ataendesha."

"Baba, mimi sijawahi kuvuta hata mkokoteni."

"Yule dereva wa kukodiwa mwambieni asingoje, ya leo ni ya nyumbani. Mimi nitakaa kati. Kijana atakaa dirishani. Shangazi yenu anangoja. Na macho ya huyu kijana yanataka daktari, na daktari wa macho yuko upande huo huo."

Nilibadilisha viatu. Tulifuta mursik kwa gunia. Nilibonyeza kile kitufe baada ya kuhakikisha kwa macho yangu kwamba baba yuko mbele ya pikapu, sio nyuma, na nikamfanya aendelee kuongea nami muda wote ili nisikie sauti yake iko wapi. Kirungu kikaingia chini ya mdomo. Baba na ndugu yangu walifunga minyororo na nyaya za taa, mmoja kwa macho, mwingine kwa vidole.

Tulipanda kijia, tukashika lami. Sikumbuki mengi ya Kericho mjini isipokuwa jasho. Baada ya mji, barabara inapita katikati ya chai, kijani kibichi pande zote mbili, na mimi nilikuwa naendesha polepole kiasi kwamba wachuma majani walipata muda wa kusimama, kutazama, na kutuonyesha kwa kidole. Kwenye matuta ya Litein waendesha bodaboda waliizunguka trela, wanachungulia madirisha. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ana ndevu, aliniona kule juu, akasahau kufunga mdomo.

Ndugu yangu alikuwa anasikiliza. Ni yeye aliyeniambia trela inaanza kuyumba kabla mimi sijahisi. "Usikanyage breki ghafla. Punguza mafuta tu. Eeh. Wacha itulie." Kila lori lilipotupita alilijua kwa mlio. Baba alikaa kati yetu, mikono magotini, macho kwenye usukani, na kila nilipokata kona, mabega yake yalikata nami.

Ua wa shangazi uko kwenye mteremko, na chini yake ni kijito. Hapo pia lazima uingie kinyumenyume. Wageni walikuwa wamefika, wamevaa vizuri kwa maombi, na wote walitoka kutazama. Nilishika kile kidude, nikazungusha kulia, na usukani ukazunguka wenyewe, na wanawake wakapiga nduru kama tulivyopiga sisi. Trela ilianza kuliendea lango vizuri. Kisha kwenye skrini likatokea koti la manjano. Baba alikuwa ameshuka, amesimama penye nguzo, mikono juu, ananielekeza.

Nilisimama. Mguu ulikataa kutoka kwenye breki. Nilijua yuko mbali, nilijua gari linamwona, nilijua mimi pia namwona, lakini mguu ulikataa.

"Nini?" ndugu yangu aliuliza.

"Baba yuko kwenye skrini."

Alifungua dirisha. "Baba! Njoo huku mbele, mahali mwalimu anaweza kukuona kwa dirisha!"

Baba alikuja. Alisimama ubavuni, akanielekeza kutoka pale, na mimi nikarudi tena. Nikazidisha kidude, trela ikaanza kuielekea nguzo, gari likalalamika. "Simama," ndugu yangu alisema, akiutambua mlio. "Usiogope. Vuta mbele, wacha inyooke, halafu anza upya, kidogo kidogo." Nilivuta mbele, nikaanza upya. Trela iliingia. Ilisimama chini ya mti wa parachichi wa shangazi, na mimi nikaweka kichwa kwenye usukani nikalia mbele ya watu wote.

Shangazi alipoambiwa habari, alimtazama ndugu yangu kwa muda, kisha akamgeukia baba. "Si ni kama baba yetu?" alisema. "Si alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni? Tulisema ni uzee. Ulikuwa uzee gani, na ng'ombe wake alikuwa anakamua mwenyewe?" Baba alikubali kwa kichwa. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Katika picha moja tuliyo nayo, babu amekaa kwenye kiti akiangalia pembeni, na siku zote nilidhani hakupenda kupigwa picha.

Maombi yalipokwisha, hatukurudi nyumbani. Kliniki ya macho ilipofunguliwa baada ya Jumapili, tulikuwa wa mwanzo kwenye benchi. Daktari alikuwa mama mpole anayeongea haraka. Alimweka ndugu yangu kidevu kwenye mashine, akatazama, akarekebisha taa, akatazama tena. Alisema kilichopotea hakitarudi, lakini lile bomba lililobaki linaweza kulindwa kwa upasuaji na dawa ya matone. Ndugu yangu alimshika mkono daktari kwa mikono yake yote miwili.

"Ugonjwa huu hutembea katika damu," daktari alisema. "Hawa wawili ni nani wako?"

"Baba yangu na dada yangu."

"Basi nao wakae hapa."

Baba alitangulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya juu yake. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani atamchunga. Daktari alimwambia macho yake ni ya mzee, yana ukungu kidogo wa uzee, na presha ni nzuri. Baba alisema kongoi, asante yetu, akasimama, akavaa kofia.

Nilikaa mimi. Mashine ilinipulizia upepo machoni. Nilicheka, kwa sababu ilinishtua. Daktari hakucheka. Alipuliza tena. Akanitia matone, akaningojesha, akanimulika taa hadi machozi yakanitoka.

"Mwalimu," alisema, "unaona vizuri?"

"Naona vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeendesha."

"Unaona vizuri leo. Lakini presha yako iko juu, macho yote mawili. Imeanza."

Niliutazama ukuta nyuma yake. Kulikuwa na ubao wa herufi, kubwa juu na ndogo chini, na nilikuwa nazisoma zote hadi mstari wa mwisho. Nilitaka kumwonyesha. Nilianza kuzisoma kwa sauti, nikaacha. Baba aliketi tena, taratibu, akiwa bado na kofia kichwani. Ndugu yangu ndiye aliyenitafuta kwa mkono, akapapasa bega, akapapasa shingo, akanishika.

Daktari alisema nimekuja mapema, na kwamba wengi huja kama ndugu yangu alivyokwenda, wakati nyumba imeshaungua nusu. Alisema nikiweka matone kila siku bila kukosa, na nikirudi kupimwa, naweza kuzeeka nikiwa naona. Naweza kufundisha. Naweza kuendesha. Nilimuuliza hilo la kuendesha mara mbili.

Ndugu yangu alipasuliwa. Bomba lake limebaki bomba, halijasinyaa. Anaishi kwa baba, ndani ya ile nyumba nyeupe kati ya ghala na zizi, na likizo zikifika mimi huunganisha tunakwenda: Chepseon, Sotik, siku moja hadi nyika za chini ambako joto lilimshangaza baba. Yeye hakai nyuma ya usukani tena, hata kwenye ua. Funguo ziko kwangu, Litein, juu ya kabati.

Jioni, baada ya taarifa ya habari, simu yangu hulia.

"Umeweka?" ndugu yangu anauliza.

"Nimeweka."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Na wewe?"

"Baba ananiwekea sasa. Ananimwagia hadi shingoni." Na nyuma yake nasikia sauti ya mzee ikimwambia atulie, afungue jicho, aache kuongea kwenye simu.